Gawanya ya Asubuhi kwa ya Jioni

Siku shangazi yangu alipofukuzwa kazi alirudi nyumbani pekupeku. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni, niko jikoni nakwangua sufuria, nikamwona anaingia kwa mlango wa nyuma akiwa na vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikamuuliza viatu viko wapi. Alisema buti ni mali ya kituo, na mkuu wa kituo alimwamuru azivue pale getini, mbele ya mlinzi. Kila siku hutoka nyumbani amezivaa, kwa hiyo hakuwa na kingine cha kubadilisha. Akaomba beseni la maji, akatumbukiza miguu.

Nilimchukia mtu yule kabla sijamwona. Nilimchukia kwa utaratibu, kama mtu anayesomea mtihani.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa mpimaji katika kituo cha maji kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi ya tangi la maji safi kila baada ya saa mbili, kuchota maji kwa chupa, kutia kidonge kinachoyageuza rangi ya waridi, na kusoma kwenye kipimo klorini imebaki kiasi gani. Wenzake walimwita Mama Chupa. Mkuu wa kituo naye alikuwa na jina lake, ingawa hakuna aliyemwita hivyo mbele yake. Walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma iliyokaa daima kwenye mfuko wa shati lake. Alipigia mstari kila kitu, hata orodha ya wanywaji chai.

Kosa aliloshitakiwa shangazi lilikuwa kupika namba. Watoto thelathini na mmoja wa shule ya bweni iliyo mwisho kabisa wa bomba waliumwa tumbo siku moja. Wote walipona, ila mmoja alilala hospitali wiki tatu. Maafisa wa afya walipopima maji ya shule hawakukuta klorini hata chembe. Walipofungua daftari la kituo wakakuta kwamba jioni iliyotangulia klorini ilikuwa 0.40, kiasi kizuri tu. Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi ya shangazi. Rula akasema mbele ya kila mtu kwamba mama huyu hakupanda tangi, alikaa chini akajitungia namba. Shangazi akasema, "Zile siyo namba zangu." Akaulizwa sahihi ni ya nani. Sahihi ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo hakupita tena njia ya shule. Akienda sokoni alizunguka njia ya nyuma, robo saa zaidi, na kwenye mkoba wake hakukosa jozi ya kandambili iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sikuwahi kumuuliza ni za nini. Nilijua.

Nilipomaliza shahada ya kemia nilikuwa na nafasi mbili za kazi mahali pazuri. Niliziacha zote, nikaomba kwenye kituo kile. Rufaa ya mtu aliyefukuzwa ilikuwa na muda wa miaka mitatu, na ilibaki miezi minane. Nilitaka vitu viwili, na nasema ukweli kwamba vyote niliviombea kila asubuhi. Nilitaka shangazi asafishwe jina. Na nilitaka kumwona Rula akivua buti getini.

Yeye hakunijua. Siku ya usaili alinitazama, akageuza vyeti vyangu kana kwamba ni samaki anayemkagua kama ameoza.

"Binti, hapa hatufanyi kemia ya vitabuni. Hapa tunatoa maji."

"Nimeelewa, mkuu."

"Unajua kuandika mwandiko mzuri?"

"Najua."

"Basi hiyo ndiyo kemia yetu."

Baada ya wiki moja nilielewa alichomaanisha. Mpimaji huandika kwa penseli kwenye kijidaftari kidogo akiwa juu ya tangi, na kijidaftari hicho hulowa, huchanika, hunuka. Wenyewe hukiita daftari bichi. Ijumaa ofisi hunakili namba zote kwenye daftari kubwa, daftari kavu, na daftari bichi hutupwa. Halafu mpimaji huitwa kutia sahihi. Niliona jinsi inavyofanyika. Ni saa ya kutoka, watu wameshavaa mikoba begani, wanasimama mlangoni kwenye foleni, karani anafunua ukurasa na kushika kalamu, "hapa, hapa na hapa," na mtu anatia sahihi huku anamuaga mwenzake. Hakuna anayesoma. Anayesoma anaambiwa anachelewesha watu. Mimi mwenyewe Ijumaa ya kwanza nilisaini bila kusoma, na nilipofika nje ndipo nilipogundua nimefanya nini.

Daftari kavu la mwaka ule lilikuwa kwenye kabati la chuma katika maabara, pamoja na chupa zilizokatika vifuniko. Kila siku wakati wa chai, wengine wakitoka kwenda uani, nilibaki ndani nikinakili ukurasa mmoja mmoja.

Ukurasa wa mkasa, wa siku moja kabla watoto hawajaumwa mwezi wa tano, ulikuwa na namba saba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. 1.60, 1.40, 1.20, 1.00, 0.80, 0.60, 0.40. Niliziangalia zilivyojipanga, zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikaenda kupima maji.

Nilichota lita moja kutoka kwenye tangi lilelile, nikaimimina kwenye chupa nyeusi isiyopitisha mwanga, nikaitia kwenye beseni la maji ya nyuzi ishirini na sita, joto lilelile lililoandikwa pembeni mwa ukurasa. Nilianza na 1.60. Baada ya saa mbili nilipata 1.13. Baada ya saa nne, 0.80. Kisha 0.57, kisha 0.40, kisha 0.28. Saa ya kumi na mbili ilipotimia nilipata 0.20.

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kuuliza kitu kinapungua kwa kasi gani, uliza kinapungua kwa namna gani. Kuna kinachopoteza kiasi kilekile kila saa, kama mshumaa unavyoungua. Ukichora ukolezi wake dhidi ya saa unapata mstari ulionyooka. Hilo ni daraja la sifuri. Na kuna kinachopoteza sehemu ileile ya kilichobaki, kama mkate ambao kila anayepita jikoni anaukata nusu ya alivyoukuta. Huo ukiuchora unapata mteremko mkali mwanzoni, unaolegea mwishoni. Mstari hunyooka pale tu unapochora logi ya namba badala ya namba yenyewe, na mwinamo wa mstari huo ndio unaokupa namba ya kasi. Hilo ni daraja la kwanza. Klorini kwenye tangi letu ilikuwa mkate. Ilikwenda nusu kila saa nne: 1.60, 0.80, 0.40, 0.20. Namba yake ya kasi ilikuwa 0.173 kwa saa. Nilirudia siku tano. Haikutoka hapo, ila ilitikisika kidogo tu huku na huku, kama kitu chochote cha kweli kinavyotikisika.

Ukurasa wa mkasa ulikuwa mshumaa.

Nilikaa kwenye kigoda cha maabara nikacheka peke yangu. Mtu alichukua rula, akaunganisha asubuhi na jioni, akasoma zilizo katikati. Hakujua kwamba klorini haifi hivyo. Na kwa nini jioni iwe 0.40? Jibu lilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu, kwenye karatasi yenye fremu: jioni klorini ikiwa chini ya 0.40, pampu ya jioni iongeze dozi ya klorini, ikifika 0.40 au kuzidi, si lazima.

Nikaenda karakana kwa fundi wa pampu. Alikuwa amelala chali chini ya mashine, miguu peke yake ndiyo inaonekana.

"Fundi, pampu ya jioni imewahi kuharibika?"

"Pampu gani haijawahi kuharibika? Hata mimi nimewahi kuharibika."

"Mwaka ule wa watoto."

Miguu ikatulia. Baadaye akajitoa, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Ilikaa kwenye meza ile wiki tatu. Nilikuwa nasubiri mpira wa ndani. Niliandika barua mbili kwa mkuu. Siku watoto walipoumwa, mpira ukapatikana mchana huohuo."

"Na kamati ikakuuliza?"

"Kamati iliniuliza kama kuna kiti cha ziada. Nikawapa hiki."

Siku ile nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa nimeshampata. Nilibuni hata maneno nitakayomwambia getini, nikayabadilisha mara tatu njiani. Ili nimfunge kila upande, niliamua nichore kurasa zote za mwaka ule. Nilitaka kuonyesha kwamba shangazi alipokuwa akiandika mwenyewe, namba zilipinda kama inavyotakiwa, na kwamba Rula alipoingiza rula yake, zikanyooka.

Mwezi wa kwanza zilipinda. Wa pili zilipinda. Wa tatu zilipinda. Mwezi wa nne zikanyooka.

Nilidhani nimekosea. Nikachora upya. Siku ishirini na sita, kila siku iliyojazwa mwezi ule, mstari ulionyooka. Na mwezi wa nne Rula hakuwepo. Alikuwa kwenye mafunzo nje ya nchi, barua yake ya ruhusa ilikuwa imebanwa ndani ya jalada. Mwandiko wa mwezi ule niliujua tangu utotoni. Ndio ulioandika jina langu kwenye madaftari ya shule.

Nilimkuta shangazi barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage. Nilikaa kwenye ngazi. Sikusalimia vizuri.

"Shangazi, mwezi wa nne. Mwaka ule. Nani alinakili daftari kavu?"

"Mimi. Mkuu alikuwa safari, karani naye anaumwa."

"Namba za katikati ulizipata wapi?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Umejuaje?"

"Zimenyooka."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. "Mguu wangu ulikuwa umevimba," alisema. "Unakumbuka ule mguu. Ngazi zile ni ishirini na mbili, mwanangu, na mara saba kwa siku. Asubuhi nilipanda. Jioni nilipanda. Mchana sikuweza. Na daftari lina visanduku, kila kisanduku kinataka kujazwa, ukiacha kimoja unaandikiwa barua. Nikagawanya sawasawa."

"Kwa hiyo ulipika."

"Za katikati nilipika."

"Shangazi, hilo ndilo kosa walilokufukuzia."

"Walinifukuzia jioni ya siku ile. Ile sikupika. Mguu ulikuwa umepona, nilipanda zote saba, jioni nikapata 0.20, nikamwambia mkuu kwa mdomo wangu, akaniambia andika tu, mimi nitashughulika."

Niliingia ndani nikajilaza na viatu. Nilikuwa na hasira, na safari hii haikuwa ya Rula peke yake. Miaka karibu mitatu nilikuwa nimebeba picha ya mtu asiye na doa anayetembea pekupeku, na sasa picha ilikuwa na doa, nami niligundua kwa aibu kwamba nililiona doa kwanza kama hasara ya kisasi changu. Rula akiiona mistari ile atasema, tazameni, mama huyu ana mazoea. Basi ataondoka na buti zake.

Nikaamua kuificha. Nitapeleka kurasa za mwezi wa tano tu. Daftari lina jalada, jalada lina uzi, uzi hukatika.

Shangazi akanigongea mlango. Hakuingia, alisimama tu kizingitini na ungo wake.

"Ukipeleka za kwake ukaficha za kwangu, nitasimama katikati ya kikao niseme mwenyewe. Kwa hiyo usijisumbue."

"Utajimaliza."

"Nimeshamalizwa. Nataka safari hii iwe kwa kosa langu."

Kesho yake nilifungua tena mwezi wa nne. Sitajisifu kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya ukweli. Nilitaka kujua kama amenidanganya na mimi. Alisema asubuhi na jioni alipanda. Kama ni kweli, basi ncha mbili za kila mstari ni za kweli, na ncha za kweli haziwezi kuikwepa namba ya kasi. Klorini inayokwenda nusu kila saa nne, kwa saa kumi na mbili hukatwa nusu mara tatu. Asubuhi lazima iwe mara nane ya jioni.

Tarehe mosi: 1.44 asubuhi, 0.18 jioni. Nikagawanya. Nane. Tarehe mbili: 1.60 kwa 0.20. Nane. Tarehe tatu ilitoa saba nukta tisa. Iliyofuata nane nukta moja. Niligawanya zote ishirini na sita, na zote zilizunguka nane. Mtu asiyejua kabisa namba ya kasi ni nini alikuwa ameiandika mara ishirini na sita, kwa sababu alipanda ngazi kwa mguu uliovimba. Na kila jioni ya mwezi ule, chini ya namba yake ya jioni, kulikuwa na alama ya fundi kwamba pampu imeongeza dozi. Hakuna mtoto aliyeumwa mwezi wa nne.

Kisha nikagawanya mwezi wa tano, siku ishirini na moja za pampu mbovu. 1.60 kwa 0.40, nne. 1.52 kwa 0.40, tatu nukta nane. 1.72 kwa 0.40, nne nukta tatu. Asubuhi, ambayo shangazi aliipima, ilikuwa inacheza kila siku. Jioni haikucheza hata mara moja. Ilikaa 0.40 siku ishirini na moja mfululizo, pale pale kanuni ya ukutani ilipotaka. Shangazi alipika katikati, Rula alipika mwisho. Na mwisho ndio waliokunywa watoto.

Kikao cha rufaa kilifanyika kwenye ukumbi mdogo wa kituo, saa nne asubuhi. Wajumbe watano walikaa upande mmoja wa meza. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, na kila baada ya muda aliiacha ikamwangukia kifuani. Rula alikaa upande wa dirisha, suruali imepigwa pasi, buti za kituo zinang'aa. Ilikuwa inasemwa kwamba mwezi ujao anakuwa mkuu wa kanda. Shangazi alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Nilipotajwa kama mtoa maelezo, Rula alitabasamu. Alidhani nimekuja kusoma mwandiko.

Nilianza na chupa nyeusi. Mwenyekiti akanikatiza.

"Binti, sema kwa lugha ya watu."

Nikasema mshumaa na mkate. Wajumbe wawili wakatikisa kichwa kwamba wameelewa. Nikawapa mchoro wa mwezi wa tano. Kisha, kabla mtu hajaniuliza, nikawapa wa mwezi wa nne.

"Hii nayo imenyooka," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo, mama."

"Nani aliandika?"

"Mimi," shangazi alisema kutoka mlangoni. "Za katikati nilijaza. Asubuhi na jioni nilipima."

Rula akaegemea nyuma. "Basi tumemaliza. Amekiri mwenyewe. Tunaendelea na chai?"

"Bado, mkuu," nikasema.

"Bado nini? Mpishi amekubali kwamba amepika."

"Naomba kila mjumbe atoe simu yake."

Mwenyekiti alinitazama, akaivaa miwani. "Toeni simu."

Nikawagawia kurasa, za mwezi wa nne kwa wawili, za mwezi wa tano kwa wawili, na mwenyekiti akapata zote. Nikawaambia wagawanye ya asubuhi kwa ya jioni, na kila mmoja aseme kwa sauti anachopata. Kwa dakika kadhaa ukumbi ule ulikuwa kama darasa la watoto. Huyu nane. Huyu nne. Nane kasoro. Nne na kidogo. Nane. Nane. Mzee mmoja mwenye vidole vinene alikosea, akapata themanini, wakamcheka, akarudia, nane.

"Sasa maji ya leo," nikasema, nikaweka kurasa zangu za chupa nyeusi. "Gawanyeni na hizi."

"Nane," alisema mwenyekiti. Aliiacha miwani ikaanguka. "Zote."

Rula alikuwa ameacha kuegemea. "Maji hubadilika. Mwezi wa tano maji yalikuwa safi zaidi, klorini ikadumu."

"Yalikuwa safi kwa siku ishirini na moja tu, mkuu? Tarehe ishirini na mbili pampu ilirudi. Mama, naomba ugawanye ya tarehe ishirini na mbili."

Alibonyeza polepole. "Nane nukta sifuri tano."

"Na kati ya tarehe hizo asubuhi ilipanda na kushuka, lakini jioni ilikuwa 0.40 kila siku. Namba iliyopimwa hutikisika. Hiyo haikutikisika kwa sababu haikutoka kwenye tangi. Ilitoka ukutani."

Fundi wa pampu akaitwa. Alisema alichoniambia, akatoa nakala za barua zake mbili mfukoni, zimekunjwa mara nane na zina mafuta. Safari hii hakuna aliyemwomba kiti.

Ndipo Rula akanigeukia. Alikuwa ameelewa kitu.

"Wewe ni nani kwake?"

"Ni shangazi yangu. Amenilea."

"Mmesikia?" aliwaambia wajumbe. "Huyu hakuja kufanya kazi. Amekuja na kisasi chake tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo, mkuu," nikasema. "Ninacho. Lakini simu ni zao."

Yule mzee wa vidole vinene alikohoa kuficha kicheko.

Kamati ilijadili muda usiozidi saa moja, nasi tukingoja nje. Mwenyekiti alitusomea uamuzi kwa mdomo, barua zinachapwa. Rula amesimamishwa kazi kuanzia saa hiyo, shauri lake linapelekwa mbele, akabidhi mali ya kituo kabla ya kutoka. Shangazi hana hatia ya siku ya mkasa, anarudishwa kazini, na anapewa onyo kwa mwezi wa nne.

Nilimfuata Rula mpaka getini. Alikuwa na katoni ya vitu vyake na rula imechomoza juu. Alimkabidhi mlinzi funguo, redio ya mkononi na kofia ya kazi. Mlinzi, yuleyule wa siku ile, aliandika kimoja kimoja. Kisha akainua kalamu na kunitazama mimi.

"Na buti," nikasema.

Rula alisimama. "Unajua nyumbani kwangu ni wapi?"

"Sijui. Hata wewe hukumuuliza."

Aliweka katoni chini, akainama, akafungua kamba. Ilichukua muda, alikuwa amezifunga vizuri. Soksi zake zilikuwa za kijivu, na ya kushoto ilikuwa na tundu kisiginoni. Akaweka buti juu ya meza ya mlinzi.

"Umefurahi sasa?"

Maneno yote niliyoyatunga njiani kwa miezi minane hayakuja. "Ndiyo," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alianza kutembea juu ya kokoto. Alitembea kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Nyuma yangu nikasikia zipu ya mkoba. Shangazi alikuwa amefika, amesimama kwenye kivuli cha kibanda, mkono wake uko ndani ya mkoba, na niliona ukingo wa mfuko wa nailoni. Moyo wangu ukafanya mambo mawili kwa pamoja, ukakasirika kwamba atampa, na ukataka ampe.

Shangazi alimtazama mpaka akafika kwenye kona. Kisha akafunga zipu.

"Ni nusu saa tu," alisema. "Mimi nilifika."

Katibu wa kamati akatoka mbio na karatasi na kalamu, akaipata meza ya mlinzi, akaisukuma buti moja pembeni. "Mama, hapa, hapa na hapa. Mwenyekiti ana safari."

"Nipe kiti," alisema shangazi.

Mlinzi akampa chake. Shangazi alikaa, akatafuta miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaanza kusoma kuanzia jina la kituo juu kabisa. Alisoma kwa midomo. Katibu alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, akaangalia saa, akanitazama kuniomba msaada. Nikatazama kokoto. Gari la mwenyekiti likafika getini likasimama, dereva akapiga honi kidogo, mlinzi akainua mkono kwamba subiri.

Shangazi alifika mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa mmeandika nilijaza namba kwa siku ishirini."

"Ndiyo, mama. Karibu hivyo."

"Ni ishirini na sita," alisema, akamrudishia kalamu. "Rekebisheni. Nitasubiri."